Taa nyekundu si kosa la mtoto: historia ya magonjwa ya mashine za michezo

Goma, Kivu ya Kaskazini. Katika kartiye moja ya mji wetu kuna chumba cha mbao chenye televisheni moja, benchi mbili na mashine moja ya michezo ya video. Mwenye chumba ni mama aliyekimbia vita kule Masisi akiwa na watoto wake pamoja na mtoto wa dada yake mdogo. Chumba kile ndicho shamba lao kwa sasa. Anayekuja kucheza mechi ya mpira analipa franka kidogo, na jioni franka hizo zinanunua unga na makala.

Siku moja mashine ilizimika katikati ya mechi. Walipoiwasha tena, taa ndogo nyekundu ikaanza kupepesa na televisheni ikabaki nyeusi. Kijana wa miaka 15 anayesimamia chumba akasema, “Si miye niliiharibisha, mama mukubwa. Ilijizima yenyewe.” Hakuna aliyemwamini. Mmoja wa wateja alisema kijana aliiangusha. Jirani akaongeza kwamba pengine aliuza kipuri cha ndani. Kijana alilala siku mbili kwa rafiki yake kwa kuogopa kurudi nyumbani.

Siku ya tatu niliwasindikiza kwa fundi. Kabla hajashika hata bisibisi, aliuliza neno moja tu: “Taa inasema nini?”

Swali hilo lina historia ya miaka 40, nami nimeona vema kuwasimulia leo, kwa sababu karibu kila sura yake inaanza kama ilivyoanza katika chumba cha yule mama. Mashine inaharibika, anayeishika analaumiwa, na baada ya muda inajulikana kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya mashine tangu kiwandani. Tena ni historia yetu pia, maana metali zilizomo ndani ya mashine hizi zinachimbwa katika milima tunayoijua kwa majina.

Kaseti na pumzi ya watoto

Mwezi wa 7 mwaka 1983, kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza mashine iliyoitwa Famicom. Mwaka 1985 ililetwa Marekani ikiwa na umbo jingine na jina jingine, NES. Michezo yake ilikuwa ndani ya kaseti za plastiki. Wauzaji wa Marekani wakati ule walikuwa wamepata hasara kubwa katika biashara ya michezo ya video, basi Nintendo ikaitengeneza mashine yake ifanane na kifaa cha kuchezea mikanda ya video. Kaseti haikuchomekwa kutoka juu. Iliingizwa kwa mbele, kisha ikasukumwa chini.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Ndani kulikuwa na kiunganishi chenye meno 72 ya chuma chembamba, na kila jino lilipaswa kugusa kaseti barabara. Baada ya kuingiza na kutoa kaseti mara nyingi, meno yalilegea na kushika uchafu. Pia Nintendo ilikuwa imeweka chipu ya ulinzi ndani ya mashine, inayozungumza na chipu mwenzake ndani ya kaseti ili kuzuia kaseti za kuigiza. Zisiposikilizana, mashine inajizima na kujiwasha tena, takriban mara moja kila sekunde. Taa yake nyekundu ya mbele ilipepesa bila kukoma.

Watoto wa dunia nzima wakapata dawa yao: kutoa kaseti, kuipulizia kwa mdomo, na kuirudisha. Mara nyingi mchezo ulikubali, na wakaamini pumzi ndiyo iliyoponya. Ukweli ni kwamba kilichosaidia ni ile kazi ya kutoa na kurudisha, ambayo iliyapa meno nafasi mpya ya kugusa. Pumzi ina mate na unyevu, na unyevu unaleta kutu. Nintendo yenyewe ilionya watu wasipulizie. Mtoto akaonekana ndiye mharibifu, wakati chanzo kilikuwa kiunganishi dhaifu. Mwaka 1993 kampuni ilitoa umbo jipya la mashine ile: kaseti inaingia kutoka juu, na chipu ya ulinzi haimo tena. Taa ya kupepesa ikaisha.

Mafundi wanaokuta mashine hizo leo wanafanya kazi mbili tu: kusafisha meno kwa pamba yenye alkoholi, au kubadilisha kiunganishi kizima.

Jicho lililochoka

Mwezi wa 12 mwaka 1994 Sony ilileta PlayStation nchini Japani. Jina hilo lilienea hadi kwetu, na mpaka leo watu wengi wa Goma, Bukavu na Uvira wanaita kila mashine ya michezo “pleisteshoni”, hata ikiwa ya kampuni nyingine.

Kaseti iliondoka, diski ikaingia. Diski inasomwa na jicho la mwanga, lile mafundi wanaloita lenzi, ambalo linatembea taratibu juu ya reli kutoka katikati kwenda ukingoni. Katika mashine za kwanza, jicho hilo lilikaa karibu na sehemu inayopokea umeme, ambako kuna joto, na baadhi ya sehemu lilipotembelea zilikuwa za plastiki. Joto na msuguano viliila plastiki ile, jicho likainama kidogo, na picha zikaanza kukwama. Vijana wakagundua kwamba ukiipindua mashine juu chini, inasoma tena. Wazazi walipoona mashine imelala kichwa chini walidhani ni utundu. Lakini vijana walikuwa wamegundua jambo la kweli: uzito wa jicho ulikuwa ukilirudisha mahali pake. Katika mashine zilizofuata Sony ililihamisha jicho mbali na sehemu ya umeme.

PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 2000. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155, na hakuna mashine ya michezo iliyoipita wakati huo wote. Ugonjwa wake maarufu ulikuwa ujumbe kwenye televisheni kwamba diski haisomeki. Fundi mzuri hakimbilii kubadilisha jicho. Anaanza na diski yenyewe kama ina mikwaruzo, kisha anaondoa vumbi juu ya lenzi, kisha anasafisha reli na kuipaka grisi mpya. Kuna wanaofupisha njia kwa kugeuza skrubu ndogo inayoongeza nguvu ya mwanga. Mashine inaamka kweli, lakini jicho linafanya kazi kuliko uwezo wake na linakufa mapema. Ukipelekewa mashine “iliyopona” kwa bei ndogo sana, uliza ilitibiwaje.

Mwaka 2000: mashine mpya, bei mpya

Hapa historia ya mashine inakutana na historia ya milima yetu.

Ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo kuna vipuri vidogo viitwavyo kapasita. Kazi yake ni kutunza umeme kidogo na kuutoa kwa utulivu, ili chipu isishtuke. Baadhi ya kapasita zilizo ndogo na za kudumu hutengenezwa kwa metali ya tantali, na tantali hutoka katika koltani.

Mwaka 2000 viwanda vya elektroniki vilihitaji tantali nyingi kwa mara moja. Bei ya tantali sokoni ilipanda karibu mara kumi hadi mwisho wa mwaka, kisha ikaporomoka mwaka 2001. Wazee wa Masisi na Walikale wanaukumbuka mwaka ule. Watu waliacha majembe ya shamba wakashika majembe ya mgodi. Wachimbaji waliingia hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, na tembo na sokwe wake wakauawa kwa wingi. Mwezi wa 11 mwaka huo, RCD, kundi lililotawala Goma wakati ule, lilitoa haki ya peke yake ya kuuza koltani kwa kampuni moja iitwayo SOMIGL. Mwezi wa 4 mwaka 2001, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti yao iliyoeleza namna utajiri wa Kongo ulivyoporwa na namna ulivyolisha vita.

Baadaye wengine waliandika ng’ambo kwamba PlayStation 2 ndiyo iliyoleta vita kwetu. Hapa pia tusikosee wa kulaumiwa. Vita ile ilianza tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 1998, zaidi ya mwaka mmoja kabla mashine hiyo haijaonekana dukani. Na tantali ya mwaka 2000 iliingia pia katika simu na kompyuta za dunia nzima. Mchezo wa watoto haukuanzisha vita. Lakini bei iliyopanda iliwapa wenye bunduki sababu ya kung’ang’ania vilima, na aliyelipia ni mkulima aliyefukuzwa shambani mwake.

Duara nyekundu

Sasa tuje kwenye taa iliyo maarufu kuliko zote.

Tarehe 22 mwezi wa 11 mwaka 2005, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Xbox 360. Kuzunguka kitufe chake cha kuwashia kulikuwa na duara la taa lililogawanywa sehemu nne. Mambo yakiwa sawa, taa ni ya kijani. Kukiwa na ugonjwa, taa inakuwa nyekundu, na idadi ya sehemu zinazowaka ina maana yake. Sehemu moja nyekundu: kuna kipuri fulani kilichoharibika, na televisheni inaonyesha namba yake. Sehemu mbili: mashine imepata joto kupita kiasi, izime ipoe. Sehemu tatu: hitilafu kubwa ya ndani. Sehemu nne zote: waya wa kwenda kwenye televisheni haukushika vizuri.

Ona jambo hilo. Sehemu nne zilitisha kuliko tatu, lakini dawa yake ilikuwa kusukuma waya tu. Asiyesoma taa angetupa mashine nzima kwa sababu ya waya uliolegea.

Tena kulikuwa na namba ya siri iliyofichwa. Ukishika kitufe cha kuunganisha maneti, na huku unabonyeza kitufe cha kutoa diski, taa zinabadilika. Ukibonyeza mara nne unapata tarakimu nne: sehemu moja ni 1, mbili ni 2, tatu ni 3, na zote nne zikiwaka ni sifuri. Kwa namba hiyo fundi alijua aanzie wapi, kwenye sehemu ya umeme, kwenye kumbukumbu au kwenye chipu ya picha.

Sehemu tatu nyekundu zikaanza kuonekana katika nyumba nyingi. Mwanzo kampuni ilisema kiwango cha mashine zinazoharibika ni cha kawaida tu. Wenye mashine walilaumiana wao kwa wao: umeifungia kabatini, umecheza usiku kucha, umeiweka juu ya zulia. Watu wakabuni dawa zao. Iliyosifiwa kuliko zote ni kuifunika mashine kwa taulo na kuiacha ikiwaka hadi iive. Wengi walishangaa kuona inaamka. Baada ya siku chache ilikufa tena, na mara hii kwa ubaya zaidi, maana joto lile lilikuwa limechoma na vipuri vizima.

Tarehe 5 mwezi wa 7 mwaka 2007, Microsoft ilikubali hadharani. Katika barua iliyotiwa sahihi na Peter Moore, mkuu wa kitengo cha michezo, iliomba radhi na kuongeza garanti ya ugonjwa ule hadi miaka 3 tangu siku ya kununua. Waliokuwa wamelipa matengenezo walirudishiwa pesa. Kampuni ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa kazi hiyo. Wale waliolaumiwa kwa miezi 20 wakapata haki yao siku moja.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Chipu imeungana na ubao wake kwa vidonge vidogo sana vya metali ya kulehemia. Mashine ikiwaka, inapata joto na metali inapanuka. Ikizimwa, inapoa na kusinyaa. Washa, zima, washa, zima: kila siku vidonge vinavutwa huku na huku, hadi vinapasuka, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka ukatike. Mwaka 2021, katika filamu ya historia ya Xbox, wahusika wenyewe walieleza kwamba mipasuko mingi ilikuwa kwenye viungo vya ndani ya chipu ya picha. Ndiyo maana taulo ilidanganya. Joto lilipanua metali, mpasuko ukagusana kwa muda, kisha ukaachana.

Bati la Walikale

Kuna jambo jingine lililotokea miaka ile ile. Tangu zamani, metali ya kulehemia ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Nasema risasi ile ya betri, siyo ya bunduki. Mchanganyiko huo unayeyuka kwenye nyuzi 183, tena ni laini na unavumilia kuvutwa. Lakini risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na vifaa vilivyotupwa viliipeleka katika udongo na maji. Kwa hiyo Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2006. Viwanda vya dunia vikahamia kwenye mchanganyiko ambao karibu wote ni bati, pamoja na fedha na shaba kidogo. Huo unayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, na ni mgumu zaidi. Watengenezaji walipaswa kujifunza upya namna ya kulehemu.

Risasi ilipoondoka, bati lilihitajika zaidi. Na bati linatoka katika kasiterite. Wakati ule ule, katika msitu wa Walikale, mgodi wa Bisie uliojulikana tangu mwaka 2002 uligeuka mji wa watu maelfu. Wabebaji walitoka msituni na mizigo ya kilo 50 mgongoni, wakitembea kwenye matope hadi Njingala. Kutoka hapo mawe yalikwenda Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami na kuyaleta hapa Goma. Wenye bunduki walikusanya kodi njiani.

Kiwandani mawe ya nchi nyingi yanayeyushwa katika chungu kimoja. Basi kidonge cha bati kilichopasuka katika mashine ya mtoto wa Chicago hakina cheti cha kuzaliwa. Hilo ndilo lililowasumbua watunga sheria. Mwezi wa 7 mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni kueleza kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au kwa majirani zetu. Mwezi wa 9 mwaka huo huo, serikali yetu ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi mwezi wa 3 mwaka 2011. Wachimbaji waliokuwa hawajashika bunduki hata siku moja walikaa miezi sita bila kazi. Wengi wao waliuliza swali lile lile la kijana wa chumba cha mbao: kosa langu liko wapi?

Taa ya njano na maneti inayojiendea

Sony nayo haikusalimika. PlayStation 3 ilitoka mwezi wa 11 mwaka 2006. Baada ya miaka michache baadhi yake ziliwaka taa ya njano kwa nukta moja, zikalia, kisha taa nyekundu ikapepesa. Mwezi wa 9 mwaka 2009, kipindi cha BBC cha kutetea wanunuzi kilitangaza habari hizo nchini Uingereza, na Sony ikakana kwamba kuna kasoro ya jumla.

Kwa muda mrefu mafundi waliamini ni vidonge vya bati tena, wakazipasha chipu joto. Nyingine ziliamka kwa wiki moja. Baadaye waliochunguza kwa subira waligundua kwamba katika baadhi ya mashine zilizochoka ni kapasita bapa zilizo kwenye ubao. Waliziondoa na kuweka mahali pake kapasita ndogo za tantali. Mashine zilizohesabiwa kuwa maiti zikarudi kucheza. Yaani dawa mojawapo ya taa ya njano ni metali ile ile ya koltani iliyowafukuza watu Masisi mwaka 2000.

Na karibu zaidi na sisi, Nintendo ilitoa Switch mwezi wa 3 mwaka 2017. Maneti zake ndogo zikaanza “kujiendea”: mchezaji haigusi, lakini mtu wake kwenye televisheni anatembea. Watoto walishutumiwa kwa kubonyeza kwa hasira. Ndani ya fimbo ya maneti kuna tabaka jembamba linalosuguliwa kila unapoisukuma, na tabaka hilo linalika. Mwezi wa 6 mwaka 2020, mkuu wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu huo.

Fundi alichokuta

Turudi kwenye chumba cha yule mama. Fundi hakufungua mashine kwanza. Aliiwasha akahesabu taa inapepesa mara ngapi. Akabadilisha waya wa televisheni, taa ikabaki vile vile. Akaijaribu kwenye prizi nyingine, bila ralonji. Halafu akaiweka kando kwa saa moja. Ilipopoa iliwaka dakika nne, kisha ikazimika. Akamwambia mama, “Hii inaona moto. Haikuanguka. Iliyoanguka haingojei dakika nne.”

Alipoifungua, feni ilikuwa imevaa koti la vumbi jeusi, lile vumbi la mawe ya volkano ambalo kila mtu wa Goma analijua. Dawa ya kijivu inayopakwa katikati ya chipu na chuma cha kupooza ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi. Alisafisha, akapaka dawa mpya, akafunga. Mashine ikawaka. Lakini alisema ukweli wake: chipu imeshateseka kwa muda mrefu, na hajui kama itafika mwaka mwingine. Akawaagiza waipumzishe nusu saa kila mchana, na waondoe kile kitambaa kizuri walichokuwa wanaifunikia ili isiibiwe macho. Kitambaa hicho alikiweka mama mwenyewe.

Mama alinyamaza. Baadaye nilimsikia akimwita kijana: “Njoo kula.” Siku hiyo hakusema zaidi ya hapo, na kijana alikwenda.

Kwa familia nyingine zinazoishi kwa mashine moja, mafundisho ya miaka 40 yanaweza kupangwa hivi. Kwanza soma taa, uihesabu, uiandike kwenye karatasi kabla ya kuzima. Pili, anza nje: prizi, waya wa umeme, waya wa televisheni, diski. Tatu, fikiria joto na vumbi. Iache mashine mahali penye hewa, mbali na ukuta na mbali na kitambaa. Nne, umeme ukikatika, chomoa waya, maana ukirudi unarudi kwa nguvu; umeme ukishatulia ndipo uchomeke tena. Tano, usiifunike taulo wala kuiweka jikoni. Sita, usifungue sehemu inayopokea umeme wa prizi kama huna ujuzi: kapasita zake kubwa zinaweza kukupiga hata waya ukiwa umechomolewa. Na fundi anayelehemu kwa metali yenye risasi afungue dirisha, anawe mikono, na asiache watoto wakae karibu na moshi.

Wengi wetu tulikimbia tukiacha mashamba, na wengine wetu walitoka katika vilima hivyo hivyo vinavyotoa bati na tantali. Metali hizo hutoka kwetu zikiwa mawe kwenye magunia, na hurudi zikiwa mashine ambazo tunaambiwa hatuzijui. Lakini yule fundi alijifunza kazi yake hapa Goma, kwenye meza ya mbao, kwa kufungua zilizokufa na kutazama kwa subira. Ujuzi huo haubebwi na lori wala hautozwi kodi kwenye kizuizi. Kijana wa chumba cha mbao sasa anakwenda kwake kila siku ya Jumamosi. Juma lililopita nilimkuta ameinama juu ya maneti ya mtu, pamba mkononi, na mwenye maneti akilalamika kwamba mdogo wake ndiye aliyeiharibu.

Kijana hakuinua kichwa. Aliuliza tu, “Inafanya nini ukiiwasha?”

Kutoka Goma, ni mimi mwandishi wenu.